"Borrow" na "lend": jinsi neno "azima" linavyotuponza

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtunza stoo katika shule ya sekondari, nina miaka 38, na daftari letu la vifaa huandikwa kwa Kiingereza. Mwezi uliopita niliandika 'I borrowed the projector to the science department', nikimaanisha kwamba idara ya sayansi imechukua projekta kutoka kwangu. Mkaguzi wa ndani alipoisoma akanitaka nieleze kwa maandishi kwa nini nilijichukulia mali ya shule. Mwalimu wangu wa zamani alitufundisha kwamba 'borrow' ni kuazima kitu na 'lend' ni kukopa fedha, lakini mwenzangu wa ofisini anasema sivyo. Wengine wananishauri niachane na maneno yote mawili niandike 'give' tu. Nimechoka kuchekwa. Tofauti yake hasa ni nini, na katika maelezo yangu niandike nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Naanza na mkaguzi, kwa kuwa naona ndiye anayekunyima usingizi. Hakukuonea. Maneno manne ya mwanzo ya sentensi yako ni Kiingereza kilichonyooka kabisa, na yanasema kwamba wewe ndiye uliyeichukua projekta kwa nia ya kuirudisha. Maneno yanayofuata, "to the science department", hayakuokoi, kwa sababu msomaji akikutana nayo baada ya "borrowed" atadhani kwamba uliichukua kisha ukaibeba kuelekea idara ya sayansi. Wewe ulikusudia kinyume chake, yaani projekta ilitoka mikononi mwako ikaenda kwa wengine. Kosa ni la neno moja tu, lakini ni neno linaloonyesha mali imetoka wapi na imekwenda wapi, na daftari la stoo liliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Sasa nimsahihishe mwalimu wako wa zamani, kwa heshima, maana alichokifundisha hakikutoka hewani. Kiswahili chetu hutenganisha kuazima na kukopa kwa kuangalia aina ya kitu. Unaazima jembe, baiskeli au kanga, yaani kitu ambacho chenyewe ndicho kitakachorudi kwa mwenyewe. Unakopa fedha au unga, yaani kitu ambacho kitatumika kiishe na utakachorudisha ni mfano wake. Methali zetu zinaufuata mgawanyo huo bila kuelezwa: nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Wanasheria wa Kiislamu nao hutenganisha ariya, yaani kuazimana kitu, na karadha, yaani kukopeshana, kwa msingi huo huo, na wanasheria wa Roma ya kale walikuwa na majina mawili tofauti kwa mikataba hiyo miwili. Kwa hiyo mwalimu wako alichukua mgawanyo wa kweli na wa heshima, akaubandika mahali ambapo haupo. Kiingereza hakijali kama ni jembe au ni shilingi. "Borrow" hutumika kwa kalamu na kwa mamilioni ya benki, na "lend" vivyo hivyo. Kinachojali ni upande: anayepokea hu-"borrow", anayetoa hu-"lend". Mwenzako wa ofisini ana haki.

Kama tofauti ni nyepesi kiasi hicho, kwa nini watu wazima wenye akili timamu, na wengine wenye shahada, huikosea kila siku? Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na nilichelewa kutambua kwamba shida haimo katika Kiingereza. Imo katika neno letu "azima", ambalo linafanya kazi ya pande zote mbili. Chukua neno moja tu: "niazime". Ukilitamka kwa kuuliza, "Niazime kalamu yako?", maana yake ni kwamba mimi nichukue, na "ni" ya mwanzo inamtaja mtenda. Ukilitamka kwa kuomba, "Niazime kalamu yako", maana yake ni kwamba wewe unipe, na "ni" ile ile sasa inamtaja mtendewa. Herufi hazikubadilika hata moja. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa kuwa kalamu iko mkononi mwa mmoja na uso wa mwenzake unaonyesha shida yake. Lakini mtu aliyekua na neno la namna hiyo akitakiwa kuchagua kati ya maneno mawili ya Kiingereza, anajikuta anaulizwa swali ambalo neno lake halijawahi kumlazimisha kulijibu. Huchukua lile alilojifunza kwanza, ambalo karibu siku zote ni "borrow", akalitumia pande zote.

Tazama jinsi hali ilivyo tofauti kwa maneno yetu mengine. Kukopa na kukopesha, kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha: hapo Kiswahili kimeweka kiambishi cha kusababisha, na mwelekeo unaonekana katika kitenzi chenyewe. Wapo wasemao "niazimishe kalamu", na watu huwacheka. Mimi siwacheki, kwa sababu naona wanajaribu kuziba pengo ambalo wengine hatujaliona. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo, bali kina maneno mawili ambayo kwa asili hayakuwa pacha. "Borrow" linatokana na neno la Kiingereza cha kale lililohusu dhamana au rehani, kana kwamba anayechukua ndiye anayeacha dhamana nyuma yake. "Lend" ni ndugu wa "loan", na herufi "d" ya mwishoni iliongezeka baadaye. Ukipenda kukumbuka kwa njia hiyo, kumbuka kwamba mwenye "borrow" ndiye anayedaiwa rehani.

Wala usidhani kwamba kuchanganya huku ni ugonjwa wa Waafrika. Kijerumani kina neno "leihen" linalokwenda pande zote mbili kama "azima" letu, na hata "borgen", ambalo ni ndugu wa damu wa "borrow", leo humaanisha kuchukua na kutoa pia. Kiswidi kina "låna", nalo ni hivyo hivyo. Katika majimbo ya Marekani kama Minnesota na Wisconsin, ambako Wajerumani na Waskandinavia wengi walihamia katika karne ya 19, bado husikika mtu aliyezaliwa na Kiingereza akisema "borrow me your pen". Sikuambii haya ili uendelee kuandika hivyo, maana mtahini na mkaguzi watakukata vilevile; nakuambia ili uache kuona haya. Anayekucheka amesahau tu siku aliyokosea yeye.

Habari njema ni kwamba Kiswahili chako kinaujua mwelekeo hata pale "azima" linaponyamaza, kwa sababu kimeuhifadhi katika viambishi na katika neno "kwa". Linganisha "Asha aliniazima baiskeli" na "Asha aliazima baiskeli kwangu". Katika sentensi ya kwanza mtu anayepata kitu amepachikwa ndani ya kitenzi, kati ya wakati na mzizi: ali-ni-azima. Hapo Asha ametoa, na Kiingereza chake ni "Asha lent me a bicycle". Katika sentensi ya pili mtu amebaki nje ya kitenzi, ameletwa na "kwa", naye ndiye chanzo cha kitu. Asha amechukua, na Kiingereza chake ni "Asha borrowed a bicycle from me". Kwa hiyo, kabla hujaandika, isemee sentensi yako kwa Kiswahili kimoyomoyo na umtafute mtu wa pili yuko wapi. Ukimkuta ndani ya kitenzi, iwe ni "ni", "ku", "m", "tu" au "wa", chukua "lend". Ukimkuta nje na "kwa", chukua "borrow". Angalia tu usidanganywe na kiambishi cha kitu: katika "nimeiazima baiskeli", hiyo "i" ni ya baiskeli, haimtaji mtu, na itakubidi uulize swali la nyongeza, yaani baiskeli sasa iko kwa nani.

Jaribu kipimo hicho kwenye maombi ya kila siku. "Naomba kuazima kalamu yako" haina mtu ndani ya kitenzi, na mtenda ni mimi: "May I borrow your pen?" "Naomba uniazime kalamu yako" ina "ni" ndani, na mtenda ni wewe: "Could you lend me your pen?" Zote mbili ni za adabu na huleta kalamu ile ile, lakini moja inaanza na mimi na nyingine inaanza na wewe. Mtu akisema "Can you borrow me your pen?" ameanza na mtenda wa sentensi moja akamalizia na kitenzi cha nyingine, na huo ndio mseto ninaoukuta zaidi katika madaftari ya wanafunzi.

Kipo na kipimo cha pili, kinachofaa mtu anayeshughulika na Kiingereza peke yake. "Borrow" hufuata mwendo wa "take", na "lend" hufuata mwendo wa "give". Mahali ambapo ungeweza kuandika "take something from somebody", andika "borrow something from somebody". Mahali ambapo ungeweza kuandika "give something to somebody" au "give somebody something", andika "lend" kwa mpangilio huo huo. Ndiyo maana "from" ni rafiki wa "borrow" na "to" ni rafiki wa "lend", na ndiyo maana "lend me a chair" inakubalika lakini "borrow me a chair" haikubaliki: "borrow" haina nafasi ya kumpokea mtu mara baada yake. Sentensi yako ya projekta ilikuwa na "to", maana yake sikio lako lilikuwa limeshajua kwamba unatoa, ila mkono ukaandika kitenzi cha kupokea. Ulikuwa karibu kuliko unavyofikiri. Kumbuka pia kwamba wakati uliopita wa "lend" ni "lent", wala hakuna "lended", ilhali "borrow" huenda kwa utaratibu wa kawaida na kuwa "borrowed".

Tendo lenyewe linabaki kuwa moja. Hubadilika kiti alichokalia msemaji. Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika historia. Mwezi Machi 1941 Rais Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria iliyomruhusu kuzipatia Uingereza na nchi nyingine silaha na vifaa vya vita, na mpango huo ukajulikana kwa jina la "Lend-Lease". Jina hilo limeandikwa kutoka Washington, kwa mtoaji. Kama lingeandikwa London kwa shehena zile zile, kitenzi chake kingekuwa "borrow". Hali ni hiyo kwenye fomu za mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu: mwanafunzi ni "borrower", bodi inayotoa fedha ni "lender", na fedha zenyewe ni "loan".

Neno hilo la tatu nalo linahitaji uangalifu kidogo. "Loan" kwanza ni nomino, mkopo au kitu kilichoazimwa, ndiyo maana limo katika majina ya Kiingereza ya bodi za mikopo ya elimu ya juu za Kenya na Tanzania. Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi chenye maana ya "lend", hasa kwa fedha, na utalikuta katika maandishi mazuri tu. Waingereza wengi wa kizazi cha zamani hulikunjia uso. Kwako wewe nashauri libaki nomino, maana lina matumizi mazuri kwenye stoo: kitu kilichotoka kwa muda huandikwa kwamba kiko "on loan to" idara fulani, na maneno hayo hayageuki maana hata yakisomwa na mtu mwenye haraka.

Nisimame kidogo kwenye nyumba, kwa sababu hapo mambo yanageuka na Kiingereza ndicho kinachobabaika. "Rent" huenda pande zote mbili, kama "azima" letu. "I rent a house from Asha" ni mpangaji anayesema. "I rent my house to Juma" ni mwenye nyumba. Mwingereza akijifunza Kiswahili hujikwaa kwenye kupanga na kupangisha kama wewe unavyojikwaa kwenye "borrow" na "lend", na nimewahi kumsikia mgeni mmoja akilalamika kwamba amepangisha chumba ghali mno, kumbe ndiye aliyekuwa analipa kodi. Ili kuepuka utata, Waingereza humpa mwenye nyumba neno "let", lile la vibao vya "To Let" ambavyo watundu wa mjini huvichomekea "i" katikati vikawa tangazo la choo. Kuna na mtego wa ulimi. Katika lugha nyingi za Kibantu sauti za "l" na "r" hazitofautishi maana, na msemaji aliyelelewa nazo anaweza kutamka "lent" na "rent" kwa namna moja. Anayesema "I rent a house" na sikio likapokea "I lent a house" amegeuka kutoka mpangaji akawa mtu aliyemwachia mwingine nyumba yake bila malipo. Katika maandishi makosa ya namna hiyo ni mabaya zaidi, kwa kuwa hakuna uso wa kuyasahihisha.

Ushauri wa kuandika "give" daima naulinganisha na kukata kidole ili kuondoa mwiba. Ni kweli kwamba hutakosea mwelekeo, kwa sababu "give" ni kutoa na hakuna asiyelijua. Lakini "give" haisemi kwamba kitu kitarudi, na mali ya shule iliyo-"given" inaweza kusomeka kama zawadi. Ukilitumia, ongeza tarehe ya kurudishwa katika sentensi hiyo hiyo. Njia ya pili ni kujifunga na neno moja, kwa mfano "lend", na kupanga kila sentensi ianze na mtoaji; inafanya kazi vizuri katika daftari la stoo, kwa kuwa stoo ndiyo inayotoa mara nyingi, ila itakushinda siku shule yenu itakapochukua mahema ya jirani kwa ajili ya mahafali. Njia ya tatu, ambayo ningeichagua ningekuwa wewe, ni kutumia lugha ya stoo yenyewe: "issued to" kwa kutoka na "returned by" kwa kurudi. Maneno hayo ni makavu, hayana ufundi wowote, na hakuna mkaguzi atakayeyasoma kinyume. "Borrow" na "lend" uyaweke kwa ajili ya barua na mazungumzo, ambako yatakupa mazoezi bila kukuletea kesi.

Kuna mambo mawili ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Kama unaona kwamba "l" na "r" zinakuchanganya unaposikiliza au kusema, mtafute mwalimu wa Kiingereza hapo shuleni mkae ana kwa ana, kwa sababu sauti hurekebishwa na sikio la mtu aliye mbele yako. Na kama siku moja utaletewa mkataba wa Kiingereza wa mkopo au wa pango, usitegemee nilichokueleza hapa kuamua wewe ni upande gani. Mikataba hupenda jozi zinazofanana zaidi ya hizi, kama "lessor", ambaye ni mpangishaji, na "lessee", ambaye ni mpangaji, zikipishana kwa herufi chache huku wajibu wao ukiwa kinyume kabisa. Mpelekee wakili kabla ya kutia saini, au angalau mtu anayesoma mikataba kwa kazi yake, akuonyeshe kwa kidole jina lako limekaa wapi.

Tuje kwenye maelezo yako kwa mkaguzi. Usiandike kurasa tatu za kujitetea wala usimlaumu mwalimu wako wa zamani. Mwombe mkuu wa idara ya sayansi athibitishe kwa saini kwamba idara yake ndiyo iliyoichukua projekta, ambatisha karatasi hiyo, kisha andika: "I lent the projector to the science department. In the register I wrote 'borrowed' by mistake." Ongeza tarehe ya kutoka na ya kurudi. Katika daftari usifute ile sentensi ya zamani. Ipige mstari mmoja ili iendelee kusomeka, andika iliyo sahihi juu yake na uweke saini pembeni, maana katika vitabu vya mali kufutafuta huzaa shaka kubwa kuliko kosa lenyewe.

Na kama ofisi yenu inapokea maelezo kwa Kiswahili, ukaona afadhali uandike kwa Kiswahili uepuke balaa, tahadhari ni ile ile. Usiandike "niliazima projekta", kwa sababu mkaguzi atakuita tena kwa swali lile lile. Andika "niliikabidhi idara ya sayansi projekta kwa matumizi ya muda".